Intaneti ya kasi Mtwara na Lindi: maswali ninayoulizwa dukani

Nina duka la steshenari Masasi mjini. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni, na nikifunga duka jioni nakwenda kufunga ruta majumbani. Maswali ya intaneti yananifuata mpaka sokoni. Mengi yanatoka kwa watu walio mbioni kutoa pesa waliyoihangaikia: mkulima aliyelipwa korosho, mwalimu, mama mwenye nyumba ya wageni. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa, ili asiyeweza kufika dukani naye asome.

Jambo moja litajirudia humu, nalitanguliza. Wanaokumbuka kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji wanajua maisha yalivyokuwa kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mvua zikikolea, safari ya Dar es Salaam ilihesabiwa kwa siku, si kwa saa. Daraja lilipokamilika tulifurahia vilivyotujia: saruji, soda, magodoro. Lakini walionufaika zaidi, kwa macho yangu, ni wale waliokuwa na cha kuvusha kwenda upande wa pili. Intaneti naiona hivyo hivyo. Kila mtu ananiuliza itamletea nini. Mimi humuuliza atapeleka nini.

Mimi ninanunua bando. Hiyo si intaneti ya kasi?

Ni intaneti, na pale 4G ilipokaa vizuri ina kasi ya kutosha. Tofauti kubwa iko kwenye tabia inayokujengea. Bando linahesabu kila unachotumia, kwa hiyo unajifunza kubana: unawasha data, meseji zinaingia, unazima data. Ni tabia nzuri kwa mfuko, lakini mtu wa namna hiyo hafungui somo la video la saa nzima, hakai kwenye kikao cha mtandaoni mpaka mwisho, wala hapakii picha kumi za bidhaa yake. Laini ya faiba, yaani uzi wa kioo unaoletwa mpaka nyumbani, au kifurushi kisicho na kikomo, unalipia kasi kwa mwezi mzima, ukitumia sana au kidogo ni ile ile. Hapo ndipo watu huanza kuitumia kwa kazi.

Jambo jingine ni kwamba mnara wa simu mnaushirikia wote mlio karibu nao. Saa mbili usiku mtaa mzima umerudi nyumbani, na kila mmoja ana simu mkononi. Ndiyo maana video iliyokuwa inateleza asubuhi, usiku inazunguka tu.

Hizo "Mbps" ni nini? Nimeuziwa 20 lakini kompyuta inaniandikia 2.5. Nimeibiwa?

Hapana, hujaibiwa. Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu, kwa sababu mtu huja amefura na kuondoka anacheka.

Kasi ya laini hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ndiyo Mbps. Ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, ndiyo MB. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya Mbps 20 inakuletea takribani MB 2.5 kila sekunde: chukua 20, gawanya kwa 8. Filamu ya GB 1 kwenye laini ya Mbps 10 inamaliza kushuka kwa dakika 13 au 14 hivi. Ukijua hesabu hii, hakuna wa kukubabaisha.

Simu ya video ya watu wawili hutosheka na Mbps 1 hadi 3 kila upande. Video safi ya kwenye luninga inataka kama 5. Nyumba ya watu watano, Mbps 20 zinawatosha vizuri. Usinunue 100 kwa sababu jirani kanunua.

Ila uliza namba ya pili ambayo wauzaji hawaitaji mpaka waulizwe: kasi ya kupakia, yaani ya kutoa vitu kwako kwenda nje. Laini nyingi zina kasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia. Faiba mara nyingi hutoa zote mbili kwa ukaribu. Kama wewe ni mtu wa kutazama tu, namba hiyo haikusumbui. Kama una cha kuuza, ndiyo namba yako.

Intaneti inatufikiaje huku Kusini?

Kwa chini ya bahari kwanza. Kabla ya mwaka 2009 nchi yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Julai 2009 waya wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kutoka pwani, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, unasambaza kwenda mikoani, na sisi Lindi na Mtwara tumo. Kutoka kwenye mkongo, kampuni za simu huchukua na kupeleka kwenye minara yao. Vijijini ambako biashara peke yake isingeleta mnara, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote huchangia gharama za ujenzi.

Watu hudhani tunachelewa kwa sababu tuko mbali. Umbali si tatizo. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 500 na ushee za kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam unazimaliza kabla hujapepesa jicho. Matatizo yetu ni mawili: wangapi tunagawana bomba lile lile, na likikatika kuna njia gani nyingine.

La pili tulilionja Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua na mvua zake, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Mabasi yakasimama. Tukawa tunategemea simu kujua nani kafika na nani kakwama. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba nchi nzima. Ndani ya siku nane tulikosa barabara ya lami na barabara ya intaneti. Nilikaa dukani na foleni ya watu wenye fomu mkononi, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya "njoo kesho". Tangu hapo nina laini mbili za kampuni tofauti. Ingawa hata hivyo, nyaya za baharini zikikatika laini zote mbili zinaumwa ugonjwa mmoja.

Mimi ni mkulima wa korosho. Haya yananihusu nini?

Mkuu, yanakuhusu, lakini nitakwambia ukweli usije ukanunua usichohitaji.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa risiti, na mazao yanauzwa kwa mnada, ulianza kwenye korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/2008. Miaka mingi wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, zikatiwa kwenye sanduku la zabuni, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Kuanzia msimu wa 2024/2025 mnada wa korosho unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweka bei akiwa popote alipo, bei zinaonekana kwenye skrini, na wakulima waliokusanyika wanakubali au wanakataa. Ufuta na mbaazi nazo zimepita njia hiyo. Mkulima hahitaji intaneti ya kasi kwa ajili ya kujua bei: meseji ya maneno kumi inatosha, hata kwenye kitochi. Na kujua bei ya mnada siku hiyo hiyo ni silaha, maana kangomba, mlanguzi anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mnada, anaishi kwa mtu asiyejua korosho za jirani zimeuzwa shilingi ngapi.

Kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hali ni tofauti. Pale panahitajika laini isiyokatika zaidi ya laini yenye kasi. Orodha ya wakulima, kilo zao na namba zao za akaunti ni faili dogo sana. Lakini tarakimu moja ikikosewa kwa sababu karani aliandika kwenye karatasi kwanza, akaja kunakili usiku baada ya mtandao kurudi, mkulima atangoja malipo wakati wenzake wameshanunua bati.

Shambani pia ipo faida. Ukiona unga mweupe kwenye maua au majani machanga, piga picha kwa karibu, kukiwa na mwanga, umtumie afisa ugani. Ubwiri unga haungoji aje Jumatatu ijayo. Wataalamu wa utafiti wa korosho tunao hapa hapa, TARI Naliendele, na picha nzuri inaokoa safari.

Panapohitajika kasi yenyewe ni kwa wabanguaji. Sehemu kubwa ya korosho yetu huondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua, yenye thamani, inafanyika huko. Vikundi vya akina mama vinavyobangua hapa vinatafuta wanunuzi wao wenyewe, na mnunuzi wa mbali anataka kuona kabla hajatuma pesa.

Msimu uliopita mama mmoja wa kikundi cha namna hiyo alikuja na korosho kwenye ndoo yenye mfuniko. Akaomba sinia. Tukaliweka mlangoni kwenye mwanga, akamimina, akazitandaza kwa kiganja, akachambua zilizovunjika akaziweka pembeni. Kisha akaweka sarafu ya shilingi 200 katikati, ili mnunuzi apime ukubwa kwa macho. Zilikuwa zile zinazoitwa W320, yaani takribani kokwa 320 kwa ratili moja. Nikapiga video, akieleza mwenyewe walivyokausha na walivyomenya ganda la ndani. Faili likawa na MB 180. Kwa laini inayopakia Mbps 1, hiyo ni dakika 24, na njiani ikikatika unaanza upya. Kwa laini inayopakia Mbps 10, ni chini ya dakika mbili na nusu. Ilifika, mnunuzi akapiga simu ya video akiwa Dar es Salaam, akasema, "Mama, zigeuze nione upande wa pili." Akazigeuza.

Sinia lile naliona kila ninapoulizwa intaneti ya kasi ina faida gani.

Kama sina korosho? Nina vyumba vinne vya wageni Kilwa Masoko.

Wewe ndiye unayeihitaji kuliko wote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na mgeni anayekuja kuyaona ameshachagua pa kulala kabla hajapanda gari. Amechagua kwa picha. Piga picha za vyumba asubuhi, kitanda kikiwa kimetandikwa, choo kikiwa kisafi, na upandaji wa boti kwenda kisiwani. Zipakie zikiwa kubwa, zisionekane kama zimepigwa usiku wa mawingu. Jibu maswali siku hiyo hiyo. Na tangaza waifai kama kweli ipo, kwa sababu mgeni siku hizi anaiulizia kabla hajauliza maji.

Mchonga vinyago wa Kimakonde, mkulima wa mwani, muuza pweza wa Songosongo, ushauri ni huo huo: mnunuzi aone kazi yako kutoka mkononi mwako. Mchongaji nimshauri zaidi apige video akiwa anachonga. Mpingo unapoanza kutoa umbo chini ya patasi ni jambo ambalo picha ya kinyago kilichokamilika haiwezi kulieleza, na hakuna dalali awezaye kuiga mkono wako.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita. Kila kitu wanasema "mtandaoni".

Ni kweli, kila kitu. Matokeo ya NECTA, maombi ya chuo, mkopo wa HESLB, na baadaye maombi ya kazi kwenye Ajira Portal. Ushauri wangu ni mfupi kwa maneno lakini uushike: msingoje wiki ya mwisho. Mfumo hukaa mtupu siku za mwanzo, na siku tatu za mwisho nchi nzima inagonga mlango mmoja. Kila mwaka nalaza vijana dukani, tunafungua saa tisa za usiku mtandao ukiwa umepoa. Kuna kijana alikosa kiambatisho kimoja tu, fomu yake ilikuwa tayari, na picha ya cheti cha kuzaliwa ikagoma kupanda mpaka saa ya mwisho ikapita. Nilikuwa nimekaa naye. Sitaki kuona tena uso ule.

Kwa hiyo: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, vyeti vya shule, vyote vipigwe skani mapema, viwekwe kwenye barua pepe ya mtoto mwenyewe. Barua pepe iwe yake, si ya mwenye steshenari. Na neno la siri aliandike kwenye daftari nyumbani. Nusu ya kazi yangu ya Agosti ni kutafuta maneno ya siri ya watu waliosahau.

Shule yetu iko kijijini, ina kompyuta moja na haina laini. Kuna cha kufanya?

Kipo kikubwa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Mwalimu anaweza kuja mjini na flashi, akapakua vya mwaka mzima kwa mchana mmoja penye laini nzuri, akarudi navyo. Si lazima kasi ifike kijijini ili faida yake ifike. Masomo ya video nayo hubebwa vivyo hivyo.

Ila mtoto kujifunza kutafuta mwenyewe ni jambo jingine. Niliwahi kuwafungulia wanafunzi wa Lindi video ya jumba la makumbusho la Berlin, pale penye mifupa ya dinosaria mkubwa iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913. Mifupa imesimamishwa, ina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Tendaguru ni huku kwetu, Lindi, na wazee wetu ndio waliobeba mizigo ile kichwani mpaka bandarini. Darasa lilinyamaza. Kisha msichana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa nini wako kule?" Nikamwachia mwalimu wa historia. Video ile ingekwama kila sekunde kumi, swali lile lisingeulizwa.

Hospitali inahusikaje?

Picha ya eksirei ya kidijitali ina makumi ya megabaiti. Picha za CT za mgonjwa mmoja zinafika mamia. Kwa laini mbovu, daktari hawezi kuzituma, basi anatumwa mgonjwa. Kwa laini nzuri, picha zinasafiri na mgonjwa anabaki kitandani, bingwa aliye Muhimbili anasoma na kutoa maoni. Kwa familia ya Nachingwea au Liwale hiyo ni tofauti ya kuuza au kutouza mbuzi. Sasa tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, na kwa muda mrefu tumekuwa na Ndanda na Nyangao za misheni. Ushauri wa kitaalamu kati ya hospitali na hospitali unahitaji bomba pana upande wa kupakia. Tunapoomba maendeleo kwenye vikao vya kata tunataja majengo. Tutaje na laini.

M-Pesa na wenzake wanahitaji intaneti ya kasi?

Hapana. Ukipiga *150*00# unatumia mtandao wa simu wa kawaida, hata kitochi kinafanya. Programu ya kwenye simu janja ndiyo inayotaka data.

Nimesikia vikundi vinapata zabuni za serikali. Ni kweli au maneno?

Ni kweli. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Tangu 2023 zabuni zinatangazwa na kuombwa kwenye mfumo wa NeST, hakuna bahasha ya kupeleka kwa mkono. Kikundi cha Ruangwa na kampuni ya Dar es Salaam wanasoma tangazo dakika ile ile. Shida ni kwamba vikundi vingi havina mtu anayeingia humo kila asubuhi. Mchagueni kijana mmoja, mlipieni bando, mpeni kazi hiyo iwe kazi.

Wavuvi je?

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ni maneno machache, unaingia hata kwa laini dhaifu. Usome kabla ya kushusha chombo, kwa sababu ukishaingia ndani sana mnara unakuacha. Tumepita vimbunga vya Kenneth Aprili 2019, Jobo Aprili 2021 na Hidaya 2024. Kenneth tuliambiwa tujiandae kuhama, kikaenda kupiga Cabo Delgado. Wapo waliosema onyo lilikuwa la bure. Mimi nasema ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma walikipata kile tulichoonywa sisi.

Niko bonde la Ruvuma, simu inajiunga na mtandao wa Msumbiji na salio linaisha. Nifanyeje?

Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao, uzime uchaguzi wa kujiendesha, kisha uchague mtandao wako wewe mwenyewe. Zima pia data ya ukiwa nje ya nchi. Ni kazi ya dakika moja.

Faiba, 4G au setilaiti?

Faiba ikipita mtaani kwako, chukua faiba. Kama haipiti, ruta ya 4G yenye antena ya nje, iliyoelekezwa kwenye mnara, inashinda simu iliyowekwa dirishani. Newala na Tandahimba wana bahati ya kuwa juu: ukisimama karibu na Shimo la Mungu unaona bonde lote, na mawimbi ya redio nayo yanapenda kuona yanakokwenda. Walio bondeni wanyanyue antena kwenye mlingoti. Setilaiti zile za zamani ziko karibu kilomita 36,000 juu, sauti kwenda na kurudi inachukua kama nusu sekunde, kwa hiyo mnazungumza mkikatizana. Zinafaa pale pasipo na kingine.

Umeme ukikatika?

Uzi wa faiba wenyewe hauhitaji umeme kwako, ruta ndiyo inayohitaji. Ruta nyingi zinatumia volti 12 na wati 10 hivi. Betri ndogo ya volti 12 yenye Ah 7 inabeba takribani wati-saa 84, kwa hiyo inakupa saa tano hadi sita bila kuikamua mpaka mwisho. Mwambie fundi akuwekee na chaja inayojizima yenyewe.

Ni matumizi gani yasiyo ya pesa unayoyaona?

Hayo ndiyo mengi. Msiba ukitokea Newala, ndugu walio Dar es Salaam ambao nauli haijapatikana wanashiriki dua kwa video. Harusi hivyo hivyo. Bibi anamwona mjukuu aliyezaliwa Mwanza kabla jina halijatolewa.

Nitamtaja mzee mmoja wa upande wa Nanyumbu. Binti yake alihitimu uuguzi Dodoma, safari ilikuwa ndefu na miguu imechoka. Alikuja dukani na kanzu iliyopigwa pasi, kofia mpya, akakaa kwenye benchi la wateja saa nzima akitazama skrini. Jina la binti lilipotajwa akasimama. Sherehe ilipokwisha binti akapiga simu ya video. Akasema, "Shikamoo baba." Mzee hakuitikia. Aliniuliza mimi kwanza, "Ananiona?" Nikamgeuzia kamera, nikawasha taa ya pili. Binti akasema, "Nakuona baba, mpaka kofia." Ndipo akaitikia marahaba.

Naweza kushirikiana laini moja na jirani?

Ndani ya uzio mmoja, ndugu kuchangia bili ni jambo la kawaida, lakini soma mkataba wako. Kuuza waifai kwa wapita njia ni biashara, na biashara hiyo inataka kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Uliza kabla ya kununua vifaa.

Naogopa matapeli na mambo machafu kwa watoto.

Ogopa, lakini usizime. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" itume kwenda 15040, bila malipo, namba ya tapeli ishughulikiwe. Piga *106# ujue laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe. Namba ya siri ya pesa haiombwi na mfanyakazi yeyote wa kampuni yoyote, hata akikutaja jina lako na la mama yako.

Kwa watoto, ruta iwe sebuleni na kompyuta iwe sebuleni. Ruta nyingi zinaweza kuwekewa saa ya kuzima na kichujio cha kurasa chafu. Mwombe fundi akuwekee siku ile ile anayofunga, kwa sababu akishaondoka harudi upesi. Kisha kaa nao, uulize wanachotazama. Hicho hakina programu.

Nimeshafungiwa. Nitajuaje napata kasi niliyolipia?

Usipime mara moja, na usipime ukiwa chumba cha mwisho. Ukuta wa tofali nene hula mawimbi, hasa yale ya 5 GHz. Chukua kompyuta mpakato, iunganishe na ruta kwa waya, waambie wengine waache kutumia kwa dakika tano. Fungua ukurasa wowote wa kupima kasi. Andika namba tatu: kupakua, kupakia, na muda wa kujibu. Fanya hivyo asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kwa siku saba, kwenye daftari lenye tarehe.

Kama usiku peke yake ndiko kunakoshuka, tatizo ni msongamano, na mtoa huduma ndiye wa kuulizwa. Kama kwa waya ni nzuri na kwa waifai ni mbaya, tatizo ni nyumba yako, tutahamisha ruta. Kama zote mbili ni mbaya muda wote, nenda nalo daftari lenyewe ofisini kwao, uwafungulie ukurasa.

Na safu ya kupakia usiiache wazi. Wengi wananiletea daftari lina safu moja tu.